Popi anapelekwa kwa anti Jumamosi na bado ana mapunye

Admin, nifiche kabisa, mama yangu pia husoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko Form Three, kwetu ni upande wa Kianjai. Si mtu wa kuongea. Hata darasani nikijua jibu, mkono hauinuki.

Tuna mbwa mdogo, Popi. Baba hataki aguswe. Lakini asubuhi nikiwasha moto jikoni baridi huwa kali, basi namficha ndani ya sweta yangu tupashane joto. Mama hajui. Popi akaanza kunyonyoka manyoya, mabaka ya mviringo masikioni. Halafu mimi nikatokwa na mapunye shingoni, kisha ndugu yangu mdogo kichwani. Mama akalaumu mashine ya kinyozi.

Kule zahanati daktari akauliza, "Nyumbani kuna mbwa ama paka? Hii huambukiza watu. Kama iko na mabaka, nayo itibiwe."

Mama akajibu, "Iko mbwa, lakini ni ya nje. Haishikwi na mtu."

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sisi tumepona. Popi hajatibiwa. Na sasa anti yangu wa Ishiara ameomba apewe Popi awe mlinzi, maana mbuzi wake wanaibiwa. Baba amekubali, atampeleka Jumamosi. Amempaka oili chafu ya pikipiki kwenye mabaka, akidhani ni viroboto tu. "Angalia vile inang'aa," akacheka. "Hata mimi sijawahi kupakwa mafuta hivi." Anti ana mtoto anayetambaa, kila kitu anashika.

Mbona nisiseme tu? Kwa sababu mbwa wetu wa kwanza alipotokwa na vidonda, Baba alimfunga kamba wakashuka mtoni. Alirudi na kamba peke yake.

Jana tukila nilijikaza. "Baba..."

"Eeh, sema, mami."

"Naomba chumvi."

"Si hiyo hapo mbele yako?" Wote wakacheka. Nikaongeza chumvi kwenye githeri iliyokuwa na chumvi tayari, nikala yote.

Nikinyamaza, mtoto ataambukizwa. Nikisema, Popi ataenda mtoni. Leo anti amepiga simu. Mtoto ameambiwa mbwa anakuja, sasa kazi yake ni kubweka: bu, bu, bu. Mama alicheka mpaka machozi, akanipa simu nimjibu. Sikuweza hata kubweka.

Nisaidieni kwa mawazo, wenzangu. Nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani?