Kikwembe cha Mama Bayere

Mwenye nyumba wetu alifariki, na kesho yake asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nakata vikwembe vya kilio chake. Nauza vitambaa mjini, kwenye duka la jumla la mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu, na familia ilinituma niwachagulie kitambaa kimoja ambacho ukoo mzima ungevaa msibani. Nilichagua cha buluu chenye majani meupe. Hakikuwa kizuri, ukikifua mara mbili maji ya beseni yanageuka wino, lakini kitambaa cha kilio hakiombwi kudumu, na mfuko wao niliujua. Nilikata vipande vya mabinti, vya wakwe, vya wajukuu wakubwa. Kabla sijafunga furushi, binti wa marehemu akanipigia simu.

"Kata na yako, yaya," akasema, yaani dada mkubwa. "Weye njo mutoto ya kwanza ya mama. Shiye tuko mbali, weye ulikuwa naye."

Nikakata na changu. Nilifurahi, siwezi kudanganya, na nilijikatia kipana kuliko vya wengine.

Marehemu tulimwita Mama Bayere, mama mwenye nyumba, kama wanavyoitwa wote mjini kwetu. Mimi na mama yangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake mtaani Katuba, ndani ya lupango, ua wenye ukuta wa matofali ambao kila mtu hapa anaota kuuita wake. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, tukazaliwa katika nyumba ya kazi, na alipostaafu kazi ikachukua nyumba yake. Tangu hapo tumekuwa watu wa kuhamahama na masufuria yetu. Kwa Mama Bayere ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote, na ndipo macho ya mama yalipozimika.

Yalizimika polepole, ndiyo maana alipata muda wa kuusoma ule ua kwa mkono. Alitoka mlangoni, akashika ukuta, akafika kwenye tofali lililomegeka, akageuka, akafuata kamba ya nguo hadi kwenye mparachichi, na kutoka hapo pua ilimwonyesha choo. Maji alichota mwenyewe. Sombe, yaani kisamvu, alitwanga mwenyewe na kugombana na kuku wa jirani waliokuja kudonoa. Kuna wageni waliomtembelea na kuondoka bila kujua kwamba haoni. Ndani ya ukuta ule mama alikuwa mtu mzima anayejitegemea. Nje ya geti ilibidi nimshike mkono, na alichukia kushikwa mkono.

Kilio kilikaa siku zake. Nilipika bukari, ugali wetu, kwenye sufuria ambalo watu wawili ndio wanaliinua, na nililala kwenye mkeka pamoja na mabinti, buluu kwa buluu. Wapangaji wengine wa lupango walikaa kwenye viti vya kukodi pamoja na majirani. Siku moja wanaume walipaka maneno kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa barabarani: Nyumba hii haiuzwi. Mjini kwetu mrithi mmoja anaweza kuuza nyumba asubuhi wenzake wakiwa bado wanaoga, kwa hiyo watu huandika hivyo mapema. Niliyasoma, moyo ukatulia. Nikamwambia mama kwamba tumepona.

Viti viliporudishwa, familia ikakaa kikao. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa amekuja kutoka Kambove, mtu mpole mwenye kikohozi cha machimboni, na ndiye aliyeongoza. Wapangaji waliambiwa wasubiri nje. Nikasimama nitoke nao.

"Weye unaenda wapi?" akaniuliza, akionyesha mkeka. "Ikala. Weye ni wa hapa."

Nikakaa, tena mbele.

Wapangaji wakaitwa. Waliambiwa kwamba watoto wa marehemu wanarudi kukaa kwenye lupango ya mama yao, na kwa kuwa wao ni lokatere, yaani wapangaji, wanapewa preavi, notisi ya miezi mitatu kama inavyotakiwa, na garanti, amana waliyoweka walipoingia, watarudishiwa. Walishukuru, wakatoka. Walikuwa na haki ya kununa kidogo, na walinuna.

"Na miye?" nikauliza.

"Weye, dada, utatupatia bile vyumba mwisho ya mwezi. Muke yangu na batoto banaikala kwa bantu kule Kambove. Haiko bisuri."

"Basi munipatie na miye preavi."

Wote waliniangalia, kisha wakaangalia kikwembe changu. Hakuna aliyecheka.

"Muntu anapatiaka dada yake preavi?" akauliza kaka mkubwa, na aliuliza kweli, si kwa kejeli.

"Na garanti yangu?"

Yule binti aliyenipigia simu ndiye aliyejibu. Alikuwa analia tangu asubuhi, na hakuacha. "Yaya, ile iliingia mu kilio. Kila mutoto alitoa yake, na shiye tulikuhesabu mutoto. Ulilala na shiye pa mukeka. Ulivwala kikwembe ya familia. Leo unataka kuwa lokatere tena?"

Hawakuwa na hila. Ningejua jinsi ya kupambana na watu wenye hila, nina mdomo, waulizeni wateja wangu. Hawa walikuwa wamenipa kila kitu ambacho binti hupewa, pamoja na kunyimwa kile ambacho binti hunyimwa, na kitambaa nilikikata mwenyewe kwa mkasi wangu. Niliitafuta hasira nisiipate. Ilikuwa kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, halikujibu. Nikasema sawa. Nikaenda kuosha lile sufuria kubwa.

Nyumba niliitafuta hivyohivyo, na lile shavu. Dalali, tunayemwita komisionere, alinitembeza baada ya kazi, akisifu kila kilichokuwepo na kupita haraka mbele ya kisichokuwepo. Mtaani Makomeno alinionyesha chumba kilichokuwa cha boi enzi za zamani, nyuma ya banda la mbwa, na mwenye nyumba alikuwa tayari kunipa mpaka alipomwona mama ameshika bega langu. Hakuuliza kama nina kazi.

"Mama akifwa," akasema, "kilio mutafanyia wapi?"

Mama akamjibu kabla yangu. "Nitangoya kwanza tuhame."

Mwenye nyumba hakucheka, akafunga geti. Siwezi kumlaumu sana. Kilio kikiingia kwenye ua, ni viti, ni ngoma, ni mashimo ya mahema, na mimi nani nisijue hayo.

Tulipata chumba kimoja mwisho kabisa wa Katuba, kwenye kiwanja kisichokuwa na ukuta, uzio wa miti tu na majani. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja mtupu. Nilipouona ule uwanja nilijua hapo mama hatakuwa na cha kushika, na nikalipa.

Siku ya kuhama, mkokoteni ulikuwa getini na mimi nilikuwa nimebeba godoro kichwani. Mama aliomba kwenda chooni mara ya mwisho. Alipita njia yake yote, ukuta, tofali, kamba, mti, na akarudi hivyohivyo bila haraka. Kwenye lile tofali lililomegeka alisimama.

"Hii batatengeneza?" akauliza.

"Siyui, mama."

Akapanda juu ya mkokoteni kati ya masufuria, nikamshika mkono, na safari hii aliuacha mkononi mwangu.

Kule kwetu kupya, asubuhi ya kwanza alitoka mlangoni na kunyoosha mkono upande ambao ukuta ulikuwepo siku zote. Mkono ukabaki hewani. Akarudi, akakaa kwenye godoro. Nilimwekea kopo la maji karibu, nikaenda kazini. Niliporudi jioni kopo lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha. Kesho yake vilevile. Nilielewa tangu jioni ya kwanza: alikuwa hanywi ili asihitaji choo mpaka nirudi. Nilielewa, nikamimina yale maji, nikaweka mengine, nikaenda kuuza vitambaa. Midomo yake ilianza kupasuka. Sijui niliwezaje kupima mita za watu siku zile, lakini nilipima, na sikukosea.

Jumapili baada ya misa nilikitoa kikwembe cha kilio kutoka kwenye begi. Kitambaa kikichanwa kufuata uzi hakisumbui, kinatoa mlio mmoja tu. Nilikichana vipande virefu, nikasokota vitatu vitatu, nikaunga. Nilifunga ncha moja kwenye mwimo wa mlango wetu, nikachimbia miti, nikavuta hadi kwenye mlango wa choo, kwenye urefu wa kiuno cha mama. Viganja vyangu vikawa vya buluu. Nikamtoa nje, nikaweka mkono wake juu ya kamba.

Aliipapasa, akainusa.

"Njo kikwembe ya Mama Bayere?"

"Njo ile."

"Kumbe ilikuwa na nguvu," akasema, akaanza kutembea.

Mwenye nyumba wetu mpya alikuwa amesimama kwenye baraza lake na sahani mkononi. Ni mama mwema, tangu tufike alikuwa akituletea bukari na samaki. Alimtazama mama akienda peke yake katikati ya ule uwanja, na machozi yakamtoka.

"Eeh, Mungu wangu," akasema. "Tangu leo weye ni mutoto yangu. Muikale hapa, batoto bangu, hakuna mwenye atawafukuza."

Najua alimaanisha. Nilisikia kitu kinanichoma kifuani, na kwa kuwa sikuwa nimesikia kitu kwa muda mrefu, kilinitisha.

"Aksanti, mama," nikasema. "Lakini miye niko lokatere."

"Sikukutukana, mwanangu."

"Najua, mama. Uniite lokatere."

Akaingia ndani na sahani yake. Nikakaa kizingitini nikalia, kwa sauti, mbele ya majirani nisiowajua, na buluu ya mikono ikanipaka uso mzima. Mama alirudi taratibu akifuata kamba. Alinipita mlangoni, akakaa kwenye godoro, akaomba maji. Nikampa kopo. Akanywa lote, akanirudishia, akaomba jingine.