Ukwaju Niliomwaga Kwenye Lifti

Nimefunga kutwa nzima, ulimi umekauka kama gunzi. Adhana ya magharibi ndiyo kwanza inalia.

Nikapewa kinywaji baridi mkononi. Nikakimwaga sakafuni, mbele ya macho ya aliyenipa.

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Naitwa Nagwan, nashona magauni ya harusi, Shubra, hapahapa Kairo. Mama alipofariki alituachia nyumba ya ghorofa ya juu, mimi na kaka yangu Medhat. Sheria inajua fungu lake na inajua fungu langu.

Medhat alikuwa na sheria yake. Vyumba vyote vya mbele, vyake. Mimi nibanane na chumba cha nyuma kisicho na dirisha, halafu nisaini kwamba nimeridhika.

Nikagoma.

Basi tukawa tunaishi humohumo kama paka na panya. Hakuna wa kuuza, hakuna wa kuhama. Kila mtu na jiko lake, kila mtu na kufuli lake. Salamu hakuna.

Ramadhani hiyo ikanikuta vibaya. Kijiko kikidondoka, nalia. Mteja akiomba nimpunguzie, natamani kumrarua. Kichwani kuna kitu kinapiga shoti, zii, zii, kama waya uliochubuka. Nikasema ni saumu tu hii.

Siku ya tukio narudi kutoka sokoni, futari imekaribia. Nimeingia kwenye lifti, mlango unajifunga, mkono ukauzuia.

Medhat. Na chupa yake ya ukwaju wa sukari tele, baridi mpaka inatoka jasho.

Sikushuka. Nishuke kwa nini, kwani lifti ya baba yake? Na hata ingekuwa, baba yake si ndiye wangu!

Katikati ya ghorofa mbili, lifti ikakwama. Umeme umekatika.

"Bonyeza kengele," nikasema.

"Kengele inatumia umeme, fundi," akanijibu kwa kejeli.

Tukapiga mlango, tukaita mpaka sauti zikakauka. Nani akusikie? Mlinzi wa jengo kaenda kufuturu msikitini, majirani wote wako mbele ya sahani. Simu yake imezima, yangu haishiki mtandao.

Joto lile jamani! Sanduku la bati, hewa nzito, pumzi zetu zinagongana. Mtu usiyetaka hata kumwona, leo jasho lake linakugusa.

Ndipo adhana ikalia.

Nikawasha tochi ya simu. Medhat keshafungua chupa. Anakunywa gulugulu, nusu inamtiririkia shingoni, mikono inamtetemeka. Nikasema moyoni, huu uroho gani?

"Medhat, mimi je?"

"Subiri!" akanibwatukia.

Akanywa tena. Nasikia kila funda likishuka kwenye koo lake, na langu linajimeza lenyewe. Mwisho akaninyooshea chupa.

"Haya, malizia, mdogo wangu."

Limebaki funda moja na machicha.

Wallahi, sikuona chupa. Nilikiona kile chumba cha nyuma. Kichwani zii, zii!

"Hata ukwaju, Medhat? Hata humu?"

Nikaigeuza chupa. Ukwaju ukamwagika katikati ya viatu vyetu. Kiu inaniua, na bado nilisikia raha.

Raha ya sekunde tu. Maana Medhat hakunijibu. Aliteleza ukutani taratibu, akakaa, kichwa kikalala begani. Mwili umelowa, baridi kama samaki.

"Medhat! Kaka! Acha utani!"

Nikamtikisa, wapi!

Nikakumbuka. Kaka yangu ana kisukari, anajidunga sindano. Daktari alimkataza kufunga, naye akafunga.

Nikapiga magoti. Nikachovya vidole kwenye ukwaju uleule wa sakafuni, nikampaka kwenye fizi, nalia, namtukana, namwombea. Nikachovya tena. Nikapiga ule mlango mpaka mikono ikavimba.

Umeme uliporudi, alikuwa ameanza kufumbua macho.

Hospitali, daktari mmoja binti akamalizana naye kisha akanigeukia.

"Sukari ilishuka vibaya. Kilichomwokoa ni ule ukwaju alioubugia. Ubongo ukikosa sukari, mtu anakuwa mkali na haoni mwingine. Na wewe, dada, mbona unatetemeka? Unatumia dawa yoyote?"

Nikainama. Nilikuwa natumia vidonge vya sonona. Ramadhani ilipoingia nikaviacha kimyakimya. Nilijiona nimepona.

Nikamwambia yote. Akavuta kiti, akakaa.

"Kuna kemikali ya ubongo inaitwa serotonini. Ikiyumba, dhuluma ndogo inauma kama kisu. Mtu anakuwa radhi aumie mwenyewe, mradi mwenzake asishinde. Mlikuwa wagonjwa wawili, mkafungiwa kwenye sanduku moja."

Nikarudi kwenye vidonge. Usingizi ukarudi, zii zii ikaondoka.

Mnadhani yameisha?

Medhat, aliyesikia yote pale kitandani, kalitangazia jengo zima: "Nagwan alikuwa anakataa kwa sababu ya ugonjwa, maskini." Sikukuu ilipopita akaja na sinia la keki ya kunafa, na jirani yetu Hajati Ferial ili awe shahidi. Na karatasi ileile. Chumba kilekile.

"Sasa umepona, mdogo wangu. Saini tumalize."

Akanipa kalamu. Nikaisikiliza hasira, haipo. Kifua kimetulia kama maji ya mtungini. Nusura nisaini.

Hapo nikaogopa kuliko nilivyoogopa kwenye lifti. Nimebanwa tena. Nikikubali, mzima. Nikikataa, mgonjwa. Mlango hakuna!

Medhat akaona nasita. Akauliza kwa sauti ya huruma, Hajati asikie:

"Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa, kaka. Nimelala, nimekula, na sina hata chembe ya hasira na wewe. Na bado ni dhuluma. Sisaini."

Hajati Ferial akatafuna kunafa yake polepole, akameza.

"Haya Medhat, na msimamo huu nao tuupe jina gani la ugonjwa?"

Medhat akainuka. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mwishowe akakubali tuiuze nyumba, kila mtu akachukua fungu lake la sheria. Siku hizi ananipigia simu kuuliza kama nimelala vizuri. Namuuliza kama kapima sukari.

Ndugu zangu, dawa usiiache kwa kichwa chako, muulize aliyekuandikia. Na hasira ikikupanda, kula kwanza, lala, kisha jiulize upya swali lilelile. Jibu likibadilika, ulikuwa mwili unasema. Likibaki lilelile, hiyo ni haki yako, idai bila kupiga kelele.