Samadi Kutoka Butiama

Mume wangu Masatu anaweza kusikia injini ya boti ikikohoa huko ziwani akakwambia plagi ipi imekufa. Mtu akikohoa ndani ya nyumba, hasikii. Nasema hivi nikiwa nampenda, na miaka kumi na moja ya ndoa inanipa haki ya kusema.

Karakana yake iko hapa hapa nyumbani Kiriba, juu kidogo ya bustani ya mama yake. Mama Yuliana, mkwe wangu, alilima hapo mchicha na mgagani tangu Masatu akiwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka jana, Februari, Masatu alipiga teke dumu la dizeli la mteja, na lita zote ishirini zikateremka kwenye matuta. Mama alisimama akatazama majani yanavyong'aa. Badala ya kufunga mdomo, mume wangu akasema, "Ni mboga tu, Mama. Nitakununulia sokoni."

Siku ya tatu Mama akafunga nguo zake, akaenda Bunda kwa wifi yangu Jenoveva. Hakugombana na mtu. Alisema anakwenda kusaidia kulea mtoto.

Nyumba ikapoa. Nilizoea kumsikia alfajiri akiisemesha mboga kwa lugha ya kwao. Sasa nikawa naamka na kuku tu. Nilimkumbuka sana. Niliendelea kusonga ugali wa kumtosha na yeye, kisha nabaki nakitazama kipande chake. Masatu naye jioni alikaa ukingoni mwa ile bustani iliyokufa, mikono magotini, mpaka nimwite mara tatu. Mwanaume mwenye ndevu alikuwa anamlilia mama yake moyoni, na hajui pa kuanzia.

Alianza kwa kuuosha udongo. Mfuko mzima wa sabuni ya unga, ndoo baada ya ndoo, povu likateremka likaua na matuta mawili ya chini yaliyokuwa yamenusurika. Nilicheka kwa hasira. Ndipo nikamwita jirani yetu Eunice, anayefundisha baiolojia sekondari. Alichukua udongo kiganjani, akaunusa.

"Shemeji, acha kuosha. Humu kuna bakteria wanaokula mafuta. Wapo, ila wamedhoofika. Wape samadi, wape hewa, wape maji kidogo kidogo. Kazi watafanya wenyewe."

"Watamaliza lini?"

"Miezi. Hiyo siyo injini, shemeji."

Ng'ombe hata Kiriba wapo. Masatu aling'ang'ania kwamba samadi itoke Butiama, kwa mjomba wake Nathanieli, kwenye zizi la nyumba alikozaliwa mama yake. Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo.

"Wenzako wanakujaga kuomba ng'ombe wa mahari. Wewe umekuja kuomba mavi!"

Akampa magunia sita.

Kila wiki Masatu aligeuza udongo na kuunyunyizia maji. Mwezi wa kwanza palinuka dizeli na mavi kwa pamoja, wageni wakawa hawakai. Mwezi wa nne harufu ya dizeli ikawa ya kutafuta. Alikuwa anapiga magoti na kuinusa ardhi, wapita njia wakidhani ameokoka. Mbegu za kwanza zikaota njano zikafa. Akapanda tena. Mwezi wa saba mgagani ukasimama vizuri, Eunice akapeleka udongo na majani kupimwa, majibu yakaja kwamba tunaweza kula.

Jumapili iliyofuata tukaenda Bunda na matita manne ya mgagani. Mama aliyanusa moja moja, akapika, akala hadi mwisho. Masatu alikuwa anasubiri asikie kwamba Mama anarudi. Mimi ndiye niliyemsimulia Mama yote, wale bakteria, samadi ya kwao, mwanawe alivyopiga magoti.

Mama akasogeza sahani.

"Kwa hiyo hao wadudu umewahudumia miezi saba."

"Ndiyo, Mama."

"Unawapelekeaga maji. Unawageuzia udongo."

"Ndiyo."

"Na mimi niliyekuzaa, neno samahani lilikuwa zito kuliko magunia sita?"

Masatu aligeuka akanitazama mimi. Nilitaka kumsemea, kama nilivyozoea. Safari hii nikajizuia, nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Mama," akasema hatimaye. "Nilikosea kusema ni mboga tu. Pale nyumbani hapakaliki bila wewe."

Mama alijifuta macho kwa kanga.

"Wiki hii mtoto wa Jenoveva hana wa kubaki naye," akasema. "Njooni mnichukue Jumamosi."

Tulipofika Kiriba mteja alikuwa anamsubiri Masatu karakanani, amekaa juu ya injini yake. Masatu alimpita. Aliingia chumbani kwa Mama, akakung'uta godoro, akatandika kitanda, siku sita kabla.