Uji wa Maganda na Mbuzi Aliyepotea

Mume wangu alikuwa mchimba dhahabu upande wa Geita, mwanaume wa kuinua jiwe ambalo wenzake wanalizunguka tu, lakini tumbo lilimtesa kuliko mtoto anayeota meno. Linawaka, linanguruma, halafu anasimama katikati ya maongezi: "Ngoja nikamtafute mbuzi." Mbuzi hatukuwa naye. Majirani walitusikitikia kwa kufuga mbuzi mtoro vile. Majina yao ninayo yote, hata ya mbwa wao, lakini wajukuu zao wapo, niyaache.

Jirani mmoja, bibi wa Kizinza, hakudanganyika. Alinishika mkono kisimani, akaniita mama kwa kilugha. "Mayu, huyo mbuzi anakaa tumboni. Kausha maganda ya machungwa, twanga, mtilie kwenye uji. Na pilipili aache."

Machungwa yalitoka Ukerewe, watu wanayala pale sokoni na maganda wanatupa chini. Nikawa naenda na kikapu, naokota. Nayaosha, nayaanika juu ya paa, natwanga. Mume wangu akaniapisha nisiseme ni ya nani. Nikaapa, mke mpya anaapa mambo mengi.

Sasa mwanamke mmoja wa kwetu Shinyanga akaniona nimeinama naokota. Habari ikamfikia baba yangu hivi: binti yako anashindia maganda, mumewe anakula nyama, mlango kafunga.

Baba akaja kwa baiskeli, uso umekunjwa. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Marahaba haikuja. Alikuwa anatazama paa letu, limejaa maganda mpaka nyasi hazionekani.

"Vaa viatu tuondoke. Ng'ombe wao nitawarudisha."

"Sina viatu, Baba."

"Hata viatu," akasema.

Ningemwambiaje? Tumbo la mkwe halitajwi mbele ya baba mkwe. Mume wangu mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya nyumba kwa heshima, hata kikohozi anakimeza. Nikasema, "Baba, kunywa uji kwanza, njia ni ndefu." Na uji uliokuwepo ni ule ule.

Akanywa. Akauliza mbona una uchungu unaovutia. Akaongezewa. Mara akasimama. "Ngoja nikaangalie baiskeli."

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta mbele yake. Yeye akashika njia ya porini, kama alivyokuwa akifanya nyumbani tangu nikiwa mdogo.

Jioni akaenda kuiangalia tena, akapishana na mume wangu anayemtafuta mbuzi, wote wakatazama chini. Asubuhi akasema tutaondoka akishakunywa uji. Kesho yake vile vile. Majirani wakamletea salamu na kumpa pole ya yule mbuzi. Taratibu safari za baiskeli zikapungua. Kama ni maganda, au ni kwa sababu jikoni kwangu pilipili ilishapigwa marufuku, mimi sijui mpaka leo.

Ndipo akaniuliza, "Humu unatia nini?"

"Maganda, Baba. Yale yale."

Akamaliza uji uliobaki. Kisha akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba, bila kugeuza shingo. "Mkwe, yule mbuzi wako bado anapotea?"

"Siku hizi anatulia, Baba."

"Vizuri. Hata baiskeli yangu imetulia."

Akaondoka peke yake, mimi nikabaki na mume wangu. Nyuma ya baiskeli alifunga gunia la maganda.

Mama yangu alipoliona gunia alikaa chini. "Nimekutuma ukamtoe mtoto kwenye maganda, wewe umekuja nayo?"

Baba, mbele ya watu wa nyumbani, angesema nini? Akasema ni chakula cha mbuzi. Na kwetu mbuzi walikuwepo kweli. Mama akawamwagia gunia zima.

Hazikupita siku nyingi tukasikia kengele ya baiskeli. Baba alisema amekuja kunijulia hali. Nikampelekea uji kabla hajashuka.