Mizunguko Saba ya Tangi la Maji

Kama umewahi kushona sare ya shule mjini Kitale mwezi wa Januari, huenda umeonana na Khairunisa bila kumjua. Ni yule fundi mwembamba wa barazani karibu na msikiti, mwenye pini mdomoni na futi shingoni, anayempima mtoto wako huku akikukaripia wewe mzazi kwa kuchelewa. Mwezi huo cherehani yake haipoi. Mtu akileta kitambaa tarehe tano anataka sketi tarehe sita, na Khairunisa humjibu, "Kwani shule wamefungua jana usiku bila kukuambia?" Wateja wamemzoea. Wanacheka, wanaacha kitambaa, na tarehe sita sketi iko tayari, imepigwa pasi.

Mwanamke huyu mkali wa mdomo ana udhaifu mmoja ambao mtaa mzima unaujua: hawezi kuwatoroka wanawe. Akina mama wengi wakitaka kwenda sokoni humwonyesha mtoto paka dirishani, halafu wanachomoka kwa mlango wa nyuma. Khairunisa hafanyi hivyo. Hata akienda dukani kununua uzi, lazima aingie ndani, ainame, aseme, "Nasro, Issack, mama anaenda, anarudi." Atangoja mtu alie, atabembeleza, ndipo aende. Mumewe Shafi, muuza vipuri vya magari, husema kwamba kuaga kwa mkewe ni kurefu kuliko safari yenyewe.

Sababu alikuwa akiijua yeye na mama yake tu. Khairunisa alipokuwa na miaka sita, mama yake, Bi Fadumo, alikwenda Hija. Aliondoka Bungoma alfajiri, binti akiwa usingizini, bila neno, kwa sababu alikiogopa kilio chake. Khairunisa aliamka akamkuta shangazi. Siku arobaini alikaa kwenye kizingiti cha hoteli ya mama yake akitazama barabara, na mama aliporudi na tende na marashi, mtoto aliingia chini ya meza akakataa kutoka mpaka jioni. Wakubwa walicheka. Jambo hilo halikuzungumzwa tena, wala halikuisha.

Basi Mwenyezi Mungu alipowafungulia njia ya kwenda Umra likizo ya Desemba iliyopita, Khairunisa hakuwa na la kujadili. Nasro ana miaka sita, Issack ana minne, na wote wawili wanaenda. Shafi aliguna mara moja, akamtazama mkewe usoni, akaona heri akatafute paspoti za watoto.

Kumwambia Bi Fadumo kulitaka safari ya Bungoma. Hoteli yake ni ndogo, meza tano, chai ya maziwa na mahamri, na friji moja yenye mlango uliofungwa kwa kamba. Nasro, ambaye likizo zote huzimalizia pale, hakungoja hata kuvua viatu. Alijifunga leso, akasimama mbele ya kila mteja aliyeagiza soda au maji, mikono nyuma, akauliza kama alivyofundishwa na nyanyake: "Baridi ama moto?" Ya moto, kwa watu wa huku, ni ile tu ambayo haikutoka kwenye friji. Mtoto alikuwa hatoi chupa mpaka ajibiwe.

"Umra si kuenda kuona ndovu," Bi Fadumo alisema baada ya kusikia yote. "Watu kule wamejaa kama siafu. Hii watoto niachie mimi."

"Mama, wanaenda."

"Hata umri hawajafika. Hiyo Umra itawasaidia nini?"

"Sheikh amesema mtoto anaandikiwa yake, na mwenye kumpeleka naye anapata thawabu."

"Na Sheikh ndiye atakushikia mkono wa mtoto? Ati ukipoteza mmoja, utaniambia nini?"

Neno lilikuwa pale pale ulimini mwa Khairunisa, lile la miaka yote ile, tangu alfajiri ya Hija. Akalimeza. "Nitakuletea wote wawili, Mama. Nitakuwekea mkononi."

"Haya. Mimi nitakuwa hapa hapa, nahesabu vichwa."

Njia nzima ya kurudi Kitale ahadi hiyo ilimkaa rohoni. Lakini fundi hakati kitambaa kabla ya kupima, na Khairunisa aliamua kuwapima wanawe. Katikati ya ploti wanayoishi kuna tangi kubwa jeusi la maji, lenye mfereji mmoja ambao nyumba zote sita huchotea. Jumamosi iliyofuata aliwatoa watoto nje, akawaonyesha: tangi ndilo Kaaba, liwe kushoto, tunazunguka mara saba, hatusukumani, hatukimbii.

Issack alikimbia. Mzunguko wa pili alikuwa amemgonga kuku. Wa nne hakuna aliyejua kama ni wa nne au wa sita.

Jirani yao Lenah, nesi aliyestaafu kutoka hospitali ya Lugulu, alikuwa kwenye mkeka wake akipukuchua mahindi. Ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya kabisa, lakini kazi ikifanywa ovyo mbele yake hawezi kunyamaza. "Mama Nasro, si mtoto wa hii miaka hawezi kuhesabu akitembea. Leta hapa." Akampa kila mmoja punje saba za mahindi. "Weka mfuko ya kushoto. Ukimaliza raundi moja, moja inahamia kulia. Kushoto ikiisha, umemaliza. Hata mgonjwa wangu alikuwa anahesabu dawa hivyo."

Ikawa mchezo wa ploti. Kila jioni watoto wa nyumba zote, wa madrasa na wa Sunday school, walikuwa wakilizunguka tangi mifuko ikilia mahindi. Wajukuu wa Lenah walizunguka vizuri kuliko Issack. Nasro, akishamaliza yake, alisimama kwenye mfereji na kikombe akiwanywesha wenzake, na kwa kuwa mfereji haukuwa na friji, lile swali la baridi ama moto aliwauliza kwa mazoea tu. Na kila jioni Khairunisa alimalizia kwa somo moja: "Ukipotea, usitafute mtu. Enda kwa maji. Kaa hapo mpaka mama akuje." Nasro alilikariri mpaka akachoka nalo.

Walifika Makka wakiwa hoi lakini salama. Issack alikuwa amevikwa mashuka mawili madogo meupe ya ihramu, bila mshono hata mmoja, jambo ambalo Shafi alilifurahia sana: mama anashonea mji mzima, mwanawe ndiye hana mshono. Nasro alikuwa na gauni jeupe aliloshonewa na mamake, mifuko miwili mikubwa, mahindi tayari kushoto.

Siku ya kwanza, baada ya sala ya Alfajiri, waliingia uwanjani. Khairunisa alipoiona Kaaba mbele yake machozi yalimtoka kabla hajakumbuka dua hata moja. Issack, juu ya mabega ya babake, aliitazama kwa makini. "Mama," alisema, "hii tangi ni kubwa, bana."

Walizunguka. Watu walikuwa wengi kupita alivyowahi kufikiri, lakini walikuwa watu wa huruma. Wazee wasiowajua waliwapisha, bibi mmoja alimbusu Issack mguuni, na Nasro alihamisha punje zake moja moja bila kukosea. Punje ya saba ilipoingia mfuko wa kulia aliinua mikono miwili hewani, na Khairunisa akacheka kwa sauti huku akilia. Hajawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Wakasogea nyuma, penye nguzo, wakasali rakaa mbili. Hapo ndipo shuka la Issack lilipoporomoka, lote, mbele ya umma. Khairunisa aliuachia mkono wa Nasro ili afunge upya na kutia pini. Kwa fundi hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Alipoinuka, Nasro hakuwepo.

"Si tulimwambia aende kwa maji," Shafi alisema.

Waligeuka wote wawili, na wote wawili wakaliona kosa lao. Kule Kitale maji ni mfereji mmoja. Hapa mapipa ya maji ya Zamzam yalikuwa yamejipanga nguzo kwa nguzo, safu kwa safu, mbele, nyuma, kulia, kushoto, hadi macho yalipokoma. Na karatasi yenye namba ya simu waliyomwandikia Nasro ilikuwa hotelini, kwenye gauni la safari.

"Baki hapa na Issack. Usisogee," Khairunisa alisema, akaondoka.

Alikwenda pipa hadi pipa. Kila penye pipa palikuwa na watu, na kila penye watu palikuwa na gauni jeupe ambalo si la Nasro. Alimwona Bi Fadumo mlangoni Bungoma akihesabu vichwa. Akamwona na yule mtoto wa kizingitini, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mama yake naye alitembeaje hapa siku arobaini, akiwa amemwacha mtu nyuma. Ya Rabbi, alisema, nilimleta kwa sababu sikutaka kumwacha. Usiniache.

Safu ya tano. Safu ya sita. Kisha, katikati ya lugha zote za dunia, akasikia sauti nyembamba isiyo na haraka:

"Baridi ama moto?"

Nasro alikuwa amesimama kati ya mapipa mawili, mikono nyuma. Mbele yake palikuwa na foleni, foleni hasa, ya vikongwe waliotoka nchi asizozijua mtu. Hawakuelewa neno, lakini walielewa kidole: pipa hili la baridi, lile la maji ya kawaida. Kila aliyeonyesha, Nasro alimjazia kikombe, akampa kwa mkono wa kulia. Mfanyakazi wa msikiti mwenye sare alikuwa amechuchumaa pembeni akimtolea vikombe vipya, anatabasamu.

"Nasro!"

"Mama, ngoja. Huyu nyanya ni wa moto." Alimhudumia kwanza, ndipo akamgeukia. "Nilikuja kwa maji, nikakaa. Nyinyi ndio hamkukuja."

Khairunisa alitaka kumchapa na kumbeba kwa pamoja. Akaishia kupiga magoti pale pale, akamkumbatia mpaka mahindi yakamwagika. Bibi aliyefuata kwenye foleni aliyaokota na kutia punje moja kinywani, akidhani ni sadaka.

Walikwenda kati ya vilima vya Safa na Marwa wakiwa wameshikana wote wanne. Hajari, Khairunisa aliwaza, alikimbia hapa akimtafutia mtoto maji. Mimi nimekimbia kwenye maji nikitafuta mtoto. Penye taa za kijani, wanaume wanapokaza mwendo, Issack alimpiga babake mabegani. "Weka gia, Baba! Weka gia!"

Mwisho wa Desemba walishuka Bungoma. Khairunisa alikuwa amepanga kutosema lolote. Aliwasimamisha watoto mbele ya mama yake, akaushika mkono wa Bi Fadumo na kuuweka juu ya kichwa kimoja, kisha cha pili. "Wawili, Mama."

"Nasro alipotea!" Issack alisema.

Khairunisa akaeleza yote, bila kupunguza. Nasro alikuwa ameshajifunga leso na kutoa galoni ndogo ya Zamzam, nusu ameitia kwenye friji bila ruhusa. Akasimama mbele ya nyanyake. "Nyanya, baridi ama moto?"

Bi Fadumo alicheka, na kicheko kikageuka machozi njiani. "Moto," alisema. Akanywa yote, akaweka kikombe. "Khairu, ile mwaka nilikutoroka. Nilizunguka pale nikikusikia ukilia. Kila raundi. Ningekubeba tu, mama. Ningekubeba."

Khairunisa alikaa karibu na mama yake kwenye benchi, na Bi Fadumo akaushika mkono wake. Mteja mmoja aliita maji, akaita tena. Nasro ndiye aliyekwenda kumuuliza, kwa kuwa nyanyake hakutaka kuuachia mkono ule.