Tuta Lililofuka Moshi

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Mlabani natazama chini, na aibu yote hiyo ni ya tuta moja tu la vitunguu, la mama mdogo wangu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya kilimo, bila kazi, nikamshawishi anipe tuta la karibu na kisima nimwoneshe kuvu rafiki, vile viumbe vidogo vinavyokaa kwenye mizizi na kuisaidia kutafuta chakula, na udongo nikaahidi kuuchanganya na mkaa wa pumba za mpunga (pumba pale mashineni ni za bure). Nilizichoma mwenyewe asubuhi. Ilitakiwa nizimwagie maji mpaka zipoe kabisa, lakini mimi nikaanza kuwaza: je, maji yakiondoa rutuba? Je, zikiwa tope, kuvu wangu watapumuaje? Basi nikazifukia kwa udongo, na nilipoona hazitoi moshi nikazijaza kwenye viroba.

Jioni majirani wakaja (niliwaalika mimi, hakuna aliyenituma). Nikatandaza mkaa, nikaufunika kwa udongo kidogo, nikawa nachovya mizizi ya miche kwenye uji wa kuvu, mama mdogo anapanda nyuma yangu, nami nahubiri: "Hawa wako hai, wanapumua kama sisi!" Upepo ukavuma kutoka milimani. Tuta likaanza kufuka moshi.

Mzee Masanja, jirani yetu mfugaji, akauliza taratibu, "Bwana shamba, hao viumbe wako wanavuta sigara?"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nimesimama na ndoo, nawaza nimwage maji au nieleze kwanza (kweli, niliwaza hivyo), na mama mdogo hakucheka, alikuwa amepiga magoti anang'oa miche aliyoinyweshea kitaluni kila asubuhi, vitunguu vyake vyote vya kiangazi, mizizi imejikunja kama nywele zilizopita motoni.

"Mwaga maji, baba. Utaeleza baadaye."

Tuliokoa michache. Akaihamishia tuta lingine, kisha akanisogezea bakuli la uji wa kuvu uliobaki. "Si ulisema wanasaidia? Chovya."

Nikachovya, bila kuhubiri.

Tangu siku hiyo nimeapa: mkaa wa pumba nitaumwagia maji, na kabla mche wa mtu haujaugusa, nitazamisha humo mkono wangu mwenyewe hadi kiwikoni.