Neno Kuokota

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikipanda juani, siwazi chakula. Nawaza chumba cha mahakama Homa Bay, na dada yangu Atieno amesimama mbele kwa gauni alilofua jana yake, bado likinuka omena.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na minne. Nililelewa na shangazi Migori mjini, ambako bila Kiswahili hununui hata chumvi. Yeye alikaa na nyanya yetu kando ya ziwa, Kendu Bay. Kila likizo alinipokea kwa kicheko: "Mswahili wa Migori amefika!" Nami nilimcheka akiomba sabuni dukani kwa kunyoosha kidole.

Likizo moja aliokota simu iliyoanguka sokoni, chini ya gunia la mama muuza omena. Kabla hajauliza ni ya nani, alishikwa mkono.

Karani alisoma shtaka la wizi kwa Kiswahili, mbio mbio. "Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli, nilichukua," Atieno akajibu, kama anayemjibu mwalimu.

"Ulichukua wapi?" hakimu akauliza kwa upole.

"Chini ya gunia."

Nyanya, aliyeketi kando yangu, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa neno gunia tu. Mimi nilielewa. Kwa Kijaluo kuokota ni *kwanyo*. Atieno hakuwa na neno hilo kwa Kiswahili, akatumia lililokuwa karibu, kuchukua. Nikainua mkono.

"Shusha, mtoto," askari akaninong'oneza. "Hapa si darasani."

Nikashusha. Hakuna aliyemuuliza Atieno kama anaelewa Kiswahili, na hakukuwa na wakili kando yake. Akapelekwa rumande ya watoto kungoja ripoti ya afisa wa watoto, na ripoti ikala muhula mzima wa shule.

Akipitishwa mlangoni, aliniuliza kwa Kijaluo, "Nimesema vizuri?"

Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba mtoto aliye mbele ya mahakama ana haki ya wakili, na ya mkalimani wa bure asipoielewa lugha. Miaka yote hiyo niliulaumu mkono wangu. Kumbe neno lile lilikuwa na mtu wake wa kulisema, mtu mzima, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Kulijua hilo hakujamrudishia Atieno muhula wake. Hadi leo, akiona kitu kimeanguka sokoni, hukiruka.